Kurasa Nilizoziruka

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeaibika mbele ya watu ambao sijawahi hata kuwatia machoni.

Kuna kundi la wasomaji kwenye simu. Mwanafunzi wangu mmoja, muuguzi, ndiye aliyeniingiza, tulipokwama kwenye foleni baada ya injini kumzimikia. (Mimi ni mwalimu wa udereva. Gari langu lina breki mbili, ya mwanafunzi na yangu. Yangu ndiyo inayofanya kazi.) Mwezi huu kundi lina changamoto. Kila mtu asome vitabu vingi awezavyo, na kila akimaliza kimoja awaeleze wenzake kwa nini amekipenda. Atakayewazidi wote atawekewa nyota ya dhahabu pembeni mwa jina lake. Nyota yenyewe ni picha tu. Lakini naitaka.

Nikajiandikisha kwa jina la Nahodha wa Kurasa. Zuri, eti? Wakaniomba nianze kwa kutaja kitabu ninachokipenda kuliko vyote. Nikasema ukweli: kitabu cha alama za barabarani. Mtu anayejiita Binti Maktaba akajibu kwamba hata yeye anakipenda, ila mhusika mkuu haeleweki, mara asimame, mara aende.

Vicheko! Kundi zima! Msimamizi naye, mtu wa kuheshimiwa, akaweka uso unaotoa machozi ya kucheka.

Haya. Binti Maktaba amejitafutia.

Tatizo ni dogo tu. Sipendi kusoma. Mistari hunitambaa machoni kama siafu.

Suluhisho: Dada.

Jumatano, 5 Juni

Dada ni mkubwa wangu, tumbo moja. Alikuwa mpiga chapa mahakamani mpaka alipostaafu. Husema kwamba mchana kutwa alichapa uongo wa watu usio na mpangilio, kwa hiyo jioni alitaka uongo ulioandikwa vizuri. Vitabu vimejaa kwake mpaka kwenye kabati la vyombo. Ukitafuta sahani unapata riwaya.

Mpango wangu ulikuwa safi. Yeye anisimulie kila kitabu kwa ufupi, mimi niandike kwenye kundi. Jioni moja, vitabu vitatu vinne. Ningempita Binti Maktaba kabla ya wiki kwisha.

Nilimkuta amelala kwenye kochi karibu na dirisha, shuka mpaka kifuani. Amepungua. Mpwa wangu, binti yake anayekaa naye, alinifungulia mlango akaniuliza kama nimepotea njia. Nikamwambia salamu kwanza. Akasema, "Shikamoo, Mjomba. Umepotea njia?"

Dada alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakataa. Hatanisimulia hata sentensi. Anasema macho yake sasa yanaona ukungu, herufi zimekuwa madoa, na kama nataka vitabu vyake basi nije nimsomee kwa sauti. Kitabu kizima. Yeye atachagua.

Nilimbembeleza. Nilimkumbusha ninavyohangaika na kazi. Akafumba macho, akajitia amelala. Nikaanza kusoma. Sina la kufanya, nimebanwa.

Baada ya kurasa chache alinisimamisha. Alisema nasoma kama mtu anayefukuzwa na polisi. Akaniuliza zile alama ndogo zenye mkia nazionaje. Nikamwambia naziona. Akasema, "Basi hapo pumua, mdogo wangu. Mwandishi amekuwekea nafasi ya kupumua, usiitupe."

Nilirudi nyumbani koo limekauka kama kamba.

Ijumaa, 7 Juni

Nimegundua mbinu!

Unalamba kidole, unashika kurasa mbili kwa pamoja, unafunua. Haiumi. Leo nimeruka vipande vizima na Dada hakushtuka. Alisema tu, macho yamefumbwa, kwamba yule kijana juzi alikuwa hajajua hata jina la msichana, na leo wana watoto watatu. "Mapenzi ya siku hizi hayana breki," akasema. Nikamwambia ndivyo mwandishi alivyoandika. Akaitikia, ahaa.

Kitabu kimekwisha. Ajabu yake, alinishukuru.

Nikaandika kwenye kundi maelezo marefu, nikatia chumvi ya kutosha. Mioyo myekundu ikamiminika. Msimamizi akasema Nahodha ana jicho la pekee. Kichwa kikavimba, sikatai.

Kisha Binti Maktaba akaniuliza, kwa adabu zote, nilimwonaje yule pacha wa bibi harusi. Nikamjibu papo hapo. Nilisema pacha yule ni kioo ambacho bibi harusi anajitazama bila kujiona. Nilisema nililia.

Hakuna pacha kwenye kitabu kile.

Nimeufunga mlango wa chumba. Nimeizima simu. Nitaishi hivi hivi.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeiwasha simu. Wananiita Baba Mapacha.

Leo nilikuwa na muuguzi kwenye somo la kurudi nyuma. Nilikuwa naandika utetezi wangu kwenye kundi, kwamba pacha alikuwa wa kimafumbo, mara nikahisi gari linapanda. Kunyanyua macho, tumo ndani ya bustani ya ofisi ya maji, gurudumu juu ya chungu cha maua. Mlinzi alisimama akitutazama tu. Bora angetukana.

Muuguzi akaanza kumwomba mlinzi msamaha. Nikamtuliza, nikamwambia kosa ni la chungu. Tulipoegesha akaniuliza habari za Dada. Kumbe anafanya kazi kwenye wodi ambayo Dada huenda kutibiwa. Akazima gari, vizuri kwa mara ya kwanza, akanigeukia. Alisema dawa anazopewa Dada sasa ni za kupunguza maumivu tu. Alisema, "Mwalimu, kama una muda, kaa naye."

Nikamwambia arudie kuangalia vioo vya pembeni, ndio udhaifu wake.

Watu wa hospitali wana tabia ya kutisha watu. Ni kazi yao. Dada ni mtu mgumu.

Nimefanya hesabu nyingine muhimu zaidi. Kosa langu ni unene wa vitabu. Nahitaji vyembamba.

Alhamisi, 13 Juni

Nilifika mapema, nikachambua vitabu vyote kwa kuvibana na vidole. Nikatenga vyembamba rundo zuri. Kimoja kilikuwa kama daftari la mtoto, picha nusu! Nikavipanga mezani, nikajifanya nimevikuta hapo hapo.

Dada akapapasa ile meza, akagusa kimoja kimoja, akatabasamu. Kisha akamwita binti yake, akamwambia amletee kile cha stesheni.

Ni tofali. Unaweza kuzuia nacho gurudumu mlimani. Kinahusu mwanamke mwenye nyumba ya kupangisha vyumba karibu na stesheni ya reli, na wasafiri wanaolala kwake kabla ya treni ya asubuhi. Basi. Hakuna anayeuawa. Nilimuuliza anapenda nini humo. Akasema ni kwamba humo hakuna mtu mwenye haraka. Hata treni inachelewa.

Nikasoma kurasa kadhaa. Mwanamke anatandika kitanda. Anatandika kitanda! Ukurasa mzima!

Binti Maktaba ameshamaliza vitabu sita. Nataka kulia.

Jumamosi, 15 Juni

Kwa nini sikulifikiria hili mapema? Simu inarekodi sauti!

Siku mbili nimesoma kitabu cha stesheni ndani ya gari, wanafunzi wakiendesha. Sauti nikamtumia Dada. Yeye anasikiliza kwake, mimi nasonga mbele kwangu, kila mtu anafurahi. Sikuwa na nafasi ya kusikiliza nilichokirekodi.

Leo mpwa wangu amenipigia simu. Hasira tupu. Alisema mama yake amecheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka ikabidi akalishwe na kusuguliwa mgongo, na yote ni kwa sababu yangu. Nikauliza nimefanya nini. Akaniwekea sauti yangu mwenyewe niisikie.

"Mama mwenye nyumba akakunja shuka taratibu, akalitazama dirisha, akawaza juu ya yule msafiri aliyeondoka bila kuaga na BREKI! BREKI, MAMA! ULE SI MLANGO, NI UKUTA!"

Kisha kimya. Kisha sauti yangu tena, ikihema: "Akashusha pumzi."

Nikamwomba mpwa anisamehe. Akasema shida ni kwamba mama yake anataka kukirudia kipande kile tena na tena. Ameshakirudisha mara nyingi asubuhi ya leo. Hajacheka hivyo tangu alipoanza kuugua. Halafu mpwa naye akaanza kucheka, kisha ile sauti ikabadilika, akakata simu.

Sijui anacheka nini. Kurekodi tena haiwezekani, ameninyima ruhusa.

Jumanne, 18 Juni

Dada amelazwa.

Nilienda na tofali langu kwapani. Kitanda chake kiko katikati, bibi mmoja kulia, mama mmoja kushoto. Nilidhani nitasoma chini chini, nimalize sura mbili, niondoke. Kumbe wodi nzima imechoka kutazama ukuta. Nilipofungua mdomo tu, bibi wa kulia akajigeuza, mama wa kushoto akazima redio yake.

Nililamba kidole. Nikafunua zile mbili mbili zangu.

Bibi akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, "Umeruka wewe!"

Nikasema sijaruka. Akasema nimeruka, mgeni alikuwa anavua kiatu kimoja, sasa yuko kwenye treni, hicho kingine amekivua nani? Mama wa kushoto akaunga mkono. Muuguzi wangu, aliyekuwa anapita na sinia la dawa, akaniangalia kama mimi ninavyomwangalia akisahau kuwasha taa ya kugeukia.

Dada akanyanyua mkono. "Mwacheni," akasema. "Ndivyo anavyosoma. Hata kile cha kwanza aliruka."

Masikio yaliniwaka moto. Nikamwambia hajaona vizuri, macho yake yanaumwa. Akasema hakuhitaji macho. Vitabu vyote viwili alivyonipa alikuwa ameshavisoma, tena mara nyingi, na kila ukurasa niliouruka aliujua, akawa anajisomea mwenyewe kichwani huku mimi nikikimbia mbele.

Nikakasirika, nasema kweli. Nikamwambia kama hadithi zote alikuwa nazo kichwani, angenisimulia tangu siku ya kwanza kwa simu, tukamaliza.

Akaniuliza, "Ningekusimulia kwa simu, ungekuja?"

Swali gani hilo! Bila shaka nisingekuja. Ningekuja kufanya nini?

Nikamwambia hivyo. Bibi wa kulia akajigeuzia ukutani. Dada akanipapasa mkono, akasema tuendelee, kiatu cha pili.

Ijumaa, 21 Juni

Analala sana. Nikifika anafungua macho, anauliza treni imefika wapi, namwambia, anayafumba.

Muuguzi alinivuta kando kwenye korido. Hakusema maneno mengi. Alisema siku zimebaki chache na niite watu wanaotakiwa kuitwa. Hakuna wa kuita. Tuko mimi na mpwa.

Nilikaa kwenye benchi la nje. Binti Maktaba alikuwa ameniandikia faraghani kuuliza mbona Nahodha kimya. Nikamjibu kwamba dada yangu, mpiga chapa wa mahakama, anaumwa sana na namsomea kitabu. Sijui kwa nini nilimwambia. Pengine ili alegee.

Kisha nikapata mbinu. Mbinu kubwa kuliko zote nilizowahi kuzipata.

Namfahamu Dada. Hajawahi kuacha kitabu njiani. Hata kiwe kibaya vipi, atakwenda mpaka nukta ya mwisho. Kwa hiyo kitabu kisiishe! Ndiyo hiyo. Kama hakijaisha, hataondoka.

Nikarudi ndani, nikasoma polepole. Nilipumua kwenye kila alama yenye mkia. Kitanda kilitandikwa kona moja moja. Nilipofika mwisho wa sura, nikafunua nyuma kimya kimya, nikaianza upya.

Bibi wa kulia alinitazama. Safari hii hakunishtaki. Alivuta shuka lake juu, akasikiliza upya kama vile hajawahi kuisikia.

Jumapili, 23 Juni

Mwanamke wa stesheni bado hajamaliza kutandika. Leo nimesoma ukurasa mmoja kutwa nzima, mbele na nyuma. Nimeongeza na maneno yangu. Nilitia mvua. Nilitia wageni wawili wasiokuwemo, nikawapa mizigo mingi ili wachelewe kupanda.

Jioni jua likiingia wodini, Dada akafungua macho. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi niiname. Akasema, "Mdogo wangu, treni hii imechelewa kweli."

Nikamwambia reli imeharibika. Mafundi wanaitengeneza.

Akasema, "Vizuri. Wasiharakishe."

Akanishika kidole, kile kile ninacholamba. Nikaendelea kusoma kwa mkono mmoja. Ni vigumu kufunua ukurasa kwa mkono mmoja, kwa hiyo sikufunua.

Jumatatu, 24 Juni

Asubuhi, kabla sijafika. Mpwa alikuwepo.

Kurasa zimebaki nyingi tu. Nimezipima kwa vidole. Mbinu haikufanya kazi, sijui nilikosea wapi.

Alhamisi, 27 Juni

Tulimzika jana.

Leo nimerudi kazini. Nilimfundisha mtu kuegesha. Nilimwambia akate kulia, akakata kulia. Kila kitu kilikwenda sawa na nikaona ajabu.

Muuguzi alikuja ingawa si zamu yake ya somo. Alikaa kwenye kiti cha dereva, hakuwasha gari. Tukakaa. Mwisho akasema bibi wa kitanda cha kulia anauliza yule mwanamke wa stesheni aliishia wapi. Nikamwambia sijui. Akaniuliza kama nitakisoma nikajue. Nikasema nitaangalia ratiba yangu.

Ratiba yangu ni tupu. Nilikifungua kitabu jioni. Nilianza vizuri, mistari miwili mitatu. Kisha nikasikia naisoma kwa sauti, na hakuna aliyesema nipumue, nikakifunga.

Jumapili, 30 Juni

Matokeo. Binti Maktaba ameshinda. Nyota ya dhahabu imekaa pembeni mwa jina lake, inang'aa kama jino bandia. Mimi ni wa mwisho kasoro mmoja, na huyo mmoja alisahau neno lake la siri wiki ya kwanza.

Aliandika maneno ya shukrani. Alisema nyota yake anaitoa kwa mpiga chapa mmoja wa mahakama aliyependa kusomewa, na kwa ndugu yake aliyemsomea. Watu wakaweka mioyo, mingi kuliko yote niliyowahi kupata.

Nimelichunguza jambo hili kwa makini. Ni hila. Anataka niache mashindano kwa kulemewa na wema. Siachi.

Jumatatu, 8 Julai

Changamoto mpya imetangazwa! Miezi mitatu! Nyota mbili!

Mpwa alinigawia vitabu, amejaza viti vya nyuma vya gari. Wanafunzi wanalalamika kwamba gari limekuwa zito likirudi nyuma. Nikawaambia ndiyo maisha.

Na nina mpango. Safari hii hauna tundu hata moja. Nimejiandikisha mara mbili. Mimi, Nahodha wa Kurasa, na mtu wa pili niliyempa jina la Mpiga Chapa. Watu wawili wakivamia kundi, Binti Maktaba atazidiwa pande zote, hatajua apigane na nani.

Vitabu vya Mpiga Chapa ni rahisi kuviandikia. Naandika tu kile ambacho angekisema. Kwa mfano: "Riwaya nzuri, ila mume ni mpuuzi na mwandishi hajui." Au: "Sura ya tano inachosha. Vumilieni, ya sita inalipa." Maneno yanakuja yenyewe, sitoi jasho. Jana Nahodha aliandika maelezo marefu ya kishairi chini ya kitabu kimoja, na Mpiga Chapa akamjibu kwamba huyu bwana ameruka kurasa. Kundi lilicheka sana. Nilicheka na mimi, nimekaa peke yangu garini, nimefunga mkanda.

Binti Maktaba alikuwa wa kwanza kumpokea. Aliandika, "Karibu, Dada. Tulikuwa tunakusubiri." Amedanganyika kabisa! Ingawa sielewi amejuaje kwamba Mpiga Chapa ni mwanamke. Bahati tu.

Mpiga Chapa amesema kwamba kitabu cha stesheni amekimaliza, na kwamba mwisho wake ni mzuri. Sikumuuliza mwisho wenyewe ukoje.

Kuna kero moja tu. Nimeangalia jedwali la washindani sasa hivi. Mpiga Chapa amenizidi kwa vitabu viwili. Mimi! Niliyemwandikisha! Tangu utoto ni hivi hivi, lazima atangulie yeye.

Haiwezekani. Kesho natafuta mbinu ya kumpita.